Shavu la Baba

3 Machi

Mvua imeanza. Maranda yote yaliyorundikwa nje yameloa, na tanuri letu la kukaushia mbao kiwandani halili kitu kingine ila maranda. Baba ameshinda akiubembeleza moto kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

4 Machi

Mvua.

6 Machi

Kasuku amepita kiwandani kuulizia boriti za bwalo la shule. Ndiye anayeezeka pamoja na mume wangu, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa, maana mdomo wake haujui likizo. Kanikuta nimeinamia sufuria.

"Mpishi! Leo tunakula nini? Msonobari wa kuchemsha?"

"Wa nazi," nikamwambia. "Kaa usubiri sahani."

Watu wote kiwandani siku hizi wananiita Mpishi, na aliyelianzisha ni yeye. Nimeshachoka kueleza. Boriti zetu hazichongwi kwenye gogo moja. Mbao nyembamba hukaushwa, huunganishwa ncha kwa ncha kwa meno yanayoumana, hupakwa gundi, hupangwa moja juu ya nyingine na kubanwa kwenye mashine mpaka ziwe kitu kimoja. Boriti ya hivyo huvuka ukumbi mzima bila nguzo katikati, kazi ambayo zamani ilikuwa ya chuma. Mimi hukata kipande cha mwisho cha kila boriti, nikakichemsha, nikakikausha kwenye oveni, nikaangalia kama gundi imeshika. Kama mbao zilikuwa na maji siku ya gundi, kipande kikikauka kinaachia.

"Kwa hiyo unalipwa kwa kuchemsha kuni," Kasuku akasema, akaondoka anacheka. Huwezi kumkasirikia mtu yule hata ukitaka.

11 Machi

Feni moja ya tanuri imeungua. Fundi umeme anasema kifaa kitachelewa. Meneja kasema tuendelee na iliyobaki, kwa sababu boriti sita za bwalo la shule ya bweni zinatakiwa juu kabla ya mvua kwisha. Anapita kila asubuhi na kuuliza swali lilelile, kisha anaangalia mawingu kana kwamba nayo anayalipa mshahara.

14 Machi

Leo niandike vizuri, maana nimefurahi.

Kipima unyevu kiligoma siku nzima. Unachoma zile sindano zake mbili kwenye ubao, kinasema maji bado. Unachukua mwingine, bado. Meneja jasho linamtoka. Ndipo Baba akaingia ndani ya tanuri, akatoka na ubao, akavua kofia, akauweka shavuni. Alifumba macho. Hata waliokuwa kwenye msumeno wakauzima.

Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, alipokuwa anakausha mbao za vitanda juani, nyuma ya nyumba. Alitufundisha sote, mimi na kaka zangu, tukapanga foleni kusubiri zamu ya shavu. Mbao yenye maji ni ya baridi, alikuwa akisema, na kavu ina uvuguvugu. Mimi ndiye niliyekuwa hodari kuliko wote, na alikuwa akiwaita majirani waje wanione.

"Hii imekauka," akasema. "Hicho kimashine chenu ndicho kilichoingia maji."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Meneja alicheka kuliko wote. Gundi ikapakwa mchana uleule, boriti zote sita zikabanwa. Nilisimama pale nikijisikia vizuri kwamba yule ni baba yangu.

15 Machi

Mvua. Paa la chumba changu linavuja juu ya oveni. Nimeweka ndoo.

19 Machi

Vipande vyote sita vimeachia.

Nilipovitoa kwenye oveni nilidhani macho yangu yana kasoro. Nikachukua kisu chembamba, kikapita kwenye mstari wa gundi bila kusukumwa. Kwenye kipande kimoja kilipita upande huu kikatokea ule. Nikakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Nilifikiria gundi ilikuwa mbovu. Nikafikiria mashine haikubana. Kisha nikapita mbele ya tanuri wakati wanatoa mbao nyingine, ubao mmoja ukanigusa mkono, na mkono ukashtuka kwa joto lake. Hapo nikaelewa, na ningetamani nisingeelewa. Kila kitu kinachotoka tanurini kina joto. Hata taulo lililoloa chapachapa lingetoka mle lina joto. Shavu la Baba lilijifunza kazi kwenye mbao za juani. Kwa mbao za tanuri, shavu lile litasema "kavu" kila siku, mpaka mwisho wa dunia.

Jioni nikaenda kwao. Nilitaka asikie kwangu kwanza. Alikuwa anamenya viazi na Mama. Nikaeleza polepole, na heshima zote.

"Kwa hiyo?" akasema.

"Kwa hiyo mbao zilikuwa na maji, Baba. Boriti zile hazifai."

"Unanifundisha mimi shavu langu?"

"Sikufundishi. Ni joto la tanuri tu ndilo..."

"Nimekausha mbao tangu sijamjua hata mama yako. Vitanda vyangu watu wamezalia watoto, na watoto wamezaa. Kimoja kimeachia? Nitajie kimoja."

Vitanda vyake ni kweli havijaachia. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishika mkono kwa nguvu. "Usiende kumvua baba yako nguo mbele za watu," akasema. "Amebakiwa na jina lake tu."

20 Machi

Sikusema kitu kazini. Sikula.

22 Machi

Nimesema. Nimempelekea Meneja vipande vyote, nikavifungua mbele yake kwa kisu. Alivitazama, akanirudishia. Kaagiza boriti ziwekwe pembeni, zifunikwe turubai.

Baba alikuwa anapita na toroli la maranda. Nikamwamkia. Alipita moja kwa moja.

25 Machi

Bado hanisemeshi. Chakula cha mchana anakula na watu wa msumeno, amenipa mgongo. Nimemkasirikia, na ninamwonea huruma, yote mawili kwa pamoja.

27 Machi

Sijui nianzie wapi.

Baba alikwenda kwa Meneja mwenyewe, akasema boriti ipimwe kwa uzito, si kwa sufuria. Meneja akakubali haraka mno, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuambiwa. Wakaiweka boriti moja juu ya magogo mawili marefu yaliyosimamishwa chini ya banda, wakaanza kuning'iniza mifuko ya mchanga. Mafundi wa bwalo waliitwa waje washuhudie, mume wangu akiwemo, na Kasuku bila shaka.

Mifuko ilipofika nusu, Baba akachukua kiti cha plastiki, akakiburuta mpaka chini ya boriti, katikati kabisa, akakaa. Akaomba chai.

"Mzee, toka hapo," mume wangu akasema.

"Ongezeni," Baba akasema.

Wakaongeza. Kasuku ndiye aliyemletea chai, akampa kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo, watu wakavunjika mbavu. Boriti iliinama kidogo, kiasi kile kinachotakiwa, ikatulia. Wakaongeza mpaka uzito uliotakiwa, wakaupita. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hatukusikizana. Baba alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho, akageuza kikombe juu chini ili mimi nione. Mimi, si mtu mwingine. Kasuku akapiga mbinja, wakamnyanyua Baba na kiti chake.

Nilimfuata Meneja ofisini. Nikamwambia, leo mbao imevimba kwa maji, inajibana yenyewe. Shida si leo. Jua likija itasinyaa, kila ubao utavuta upande wake, na gundi haikushika.

"Dada," akasema, na hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka tu, "boriti imebeba. Kwani wanafunzi watalichemsha bwalo?"

Turubai limeondolewa.

2 Aprili

Boriti zimepakiwa. Baba alisimama getini akalihesabia lori nafasi ya kupita, kushoto, kulia, kama harusi ni ya kwake.

9 Aprili

Mvua. Zote sita ziko juu.

10 Aprili

Tumegombana, mimi na mume wangu. Nilimwambia asipande tena kule.

"Niseme nini kwa wenzangu?"

"Sema mkeo kakukataza."

"Watacheka mpaka wazimie." Kisha akaacha utani. "Nikikataa kupanda, nitakuwa nimemwita baba yako mwongo mbele za watu wote. Mkwe wangu. Aliyekaa chini ya boriti. Unaona ninavyobanwa?"

Ninaona. Ndiyo maana nimelia.

16 Aprili

Mvua. Wanangoja ipungue ndipo wapandishe vigae. Mungu anisamehe, nimeomba isipungue.

23 Aprili

Mvua. Jirani kalalamika nguo zake zina ukungu. Nikampa pole ya uongo.

30 Aprili

Baba amenisemesha. Alikuja mlangoni kwangu kazini, akauliza kama nimepata sabuni ya mikono, nikasema ipo pale, akanawa, akasema asante. Nilikaa na lile "asante" siku nzima kama mtoto aliyepewa peremende.

8 Mei

Mvua kidogo asubuhi. Kasuku ananitania bado. Kapita na kikombe cha chai kichwani, hakimwagiki, anasema huo ndio mtihani mpya wa kiwanda. Ana mke na binti mdogo, na kila akilipwa humletea binti daftari la kuchorea. Leo alinionyesha mchoro mmoja, boriti yenye miguu na mikono, na chini yake mzee kwenye kiti. Nilicheka. Nilicheka kweli.

14 Mei

Jua.

15 Mei

Jua. Mji mzima umeanika magodoro. Watoto wanapiga kelele barabarani, Mama amenitumia salamu na maharage mabichi, na mimi nimekaa ndani nikisikia joto likiingia kwenye bati kidogokidogo. Mume wangu kaniambia wameanza kupandisha vigae.

17 Mei

Jua kali. Nimekwenda bwalo mwenyewe. Kwenye boriti ya tatu kutoka mlangoni niliona mstari mwembamba, mrefu kama mkono. Nikamwita msimamizi wa ujenzi. Akasema mbao hupasuka nyuzi kidogo, ni kawaida, akanionyesha boriti za zamani za ghala, kwamba nazo zina mistari. Nikarudi kwa Meneja. Meneja kasema atatuma mtu.

19 Mei

Hajatuma mtu. Nimeuliza tena, akanitazama kama anatazama inzi.

20 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, maana nikiacha hata kidogo nitaanza kujidanganya.

Asubuhi Baba aliingia chumbani kwangu na kufunga mlango. Hakuketi. Alisema jana jioni alipita bwalo kusalimia mafundi, akapanda ngazi. Akasema aliingiza ukucha kwenye mstari ule, ukucha ukaingia wote.

"Nionyeshe," akasema. "Hilo jambo lako la joto. Nionyeshe taratibu, nisikie."

Nikaenda tanurini, nikachukua ubao wa katikati ya rundo, nikamletea. Akauweka shavuni. Akafumba macho.

"Kavu," akasema.

Nikachoma sindano za kipima unyevu. Maji. Hakubisha. Nikamwambia tuuache upoe. Nikachemsha maji kwenye lile sufuria langu dogo, tukanywa chai, tumekaa kwenye ndoo zangu mbili. Nadhani ndiyo chai tuliyokunywa kwa amani kuliko zote tangu niolewe.

Kisha akauchukua tena ubao uleule, akauweka shavuni. Nilimwona uso ukibadilika. Alikaa nao hivyo, macho wazi, akitazama ukutani.

"Ni wa baridi," akasema. "Mwanangu, ni wa baridi."

Akauweka chini vizuri, akatoka bila kofia. Nilimfuata mbio. Mzee yule anatembea kwa magoti mabovu, lakini leo nilimfikia bwaloni tu.

Mafundi walikuwa juu, wanapanga vigae. Mume wangu na Kasuku walikuwa juu ya boriti ya tatu. Baba alisimama mlangoni, akapaza sauti.

"Shukeni! Shukeni nyote! Boriti hazifai!"

Halafu kicheko cha Kasuku.

"Mzee, si wewe uliyekaa chini yake na chai?"

"Nilikosea. Shukeni."

"Ukaomba na sukari!"

Wote wakacheka. Msimamizi akaja, akamwambia Baba kwa upole jua ni kali, aende kivulini. Baba akamsukuma. Akamwita mume wangu kwa jina lake, jina ambalo hajawahi kulitamka tangu harusi, maana siku zote humwita "mkwe". Akasema, "Ninakuomba, mwanangu. Shuka."

Mume wangu aliweka kigae chini. Nilimwona akisitasita, akimtazama Kasuku. Na Kasuku akamwambia, na nilisikia kila neno:

"Shuka wewe kwa heshima ya ukweni. Mimi sijaoa kwao."

Mume wangu akaja kwenye ngazi. Wengine wawili nao wakashuka, nadhani kwa kuona ni nafasi ya kupumzika. Baba alikuwa amemshika mume wangu mkono na anaendelea kuita, sasa kwa jina halisi la Kasuku, ambalo mimi sikulijua mpaka leo. Kasuku akainua kigae kingine kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, vile vile alivyofanya siku ile na kikombe.

Haikulia kama mti unaovunjika. Ilikuwa sauti ndefu, ya kitu kinachochanwa. Boriti ilifunguka kwa urefu wake, ubao wa chini ukaning'inia, kisha wa pili yake, kisha vigae vyote vikaja.

Mume wangu alivivamia vigae akiviondoa kwa mikono mitupu, mpaka watu wakamvuta. Kucha zake mbili hazipo. Kasuku alikuwa ameshakufa.

21 Mei

Tumemzika.

22 Mei

Bwalo limefungwa. Meneja amesema mbele ya wafanyakazi wote kwamba kiwanda kiliwategemea wataalamu wake, na akamtazama Baba. Nilisimama, nikasema nani alimpelekea vipande na siku gani. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mtu mmoja wa msumeno alikuja kusimama karibu yangu. Wachunguzi watakuja wiki ijayo. Vipande ninavyo vyote sita. Nimeviweka kwetu, chini ya kitanda alichotutengenezea Baba.

24 Mei

Mume wangu hasemi. Anakaa akitazama mikono yake iliyofungwa. Leo kasema jambo moja tu: "Niko hai kwa sababu nimeoa." Kisha akalia, na mimi nikashindwa kumbembeleza, kwa sababu ni kweli.

Baba hajagusa chakula. Mama amenilaumu, kisha akanikumbatia, kisha akanilaumu tena. Nilidhani nitamchukia Baba. Nimejitafuta moyoni nikitafuta ile hasira ya kikombe kilichogeuzwa, na sijaipata. Namwona tu mzee aliyekuwa anajua kitu kimoja vizuri sana.

27 Mei

Jua.

Baba aliniambia nimpeleke kwa mke wa Kasuku. Nilimwambia bado mapema, watu wana uchungu. Akavaa shati la heshima akasubiri mlangoni.

Ni chumba na sebule, mlango unaangalia ua. Wanawake wawili walikuwa wanaosha vyombo. Mjane alitoka, amejifunga khanga nyeusi, akamwamkia Baba kwa adabu zote, "Shikamoo, baba." Baba hakuweza kuitikia. Nilimwitikia mimi pembeni, bila kufikiri.

Hakukasirika, yule mama. Hilo ndilo lililoniumiza. Ningependa atutukane. Alisema amesikia Baba alimwita mumewe ashuke, akamwita kwa jina lake, na anamshukuru. Kisha akatabasamu kidogo, kama mtu anayempa mgeni kitu kizuri alichonacho.

"Mimi nilikuwa na hofu na kazi ile ya juu," akasema. "Kila asubuhi nilimwambia, angalia. Naye kila asubuhi ananicheka. Ananiambia, mke wangu, lala salama, boriti ile imekaliwa na mzee mzima na chai mkononi. Akawa anaigiza hapa hapa, anakaa, anakunywa, anageuza kikombe. Mtoto alikuwa anampenda akifanya hivyo."

Binti alikuwa mlangoni na daftari lake la kuchorea. Mjane akaingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki, akakipangusa kwa upindo wa khanga, akakiweka mbele ya Baba.

"Karibu, baba. Kaa."

Baba alikitazama kile kiti. Nilimgusa kiwiko. Mjane akasema tena, kaa, utachoka. Wale wanawake wa vyombo wakaacha kuosha. Baba alitikisa kichwa tu, mikono ameikunja mbele kama mtoto wa shule.

Tulikaa pale mpaka chai ikaletwa na ikapoa. Tulikaa sisi. Yeye na magoti yake mabovu alisimama muda wote, juani, na hakuna aliyeweza kumketisha.